Mate Niliyoyakata

Mwaka ule wa korona nilihubiri miezi mingi nikitazamana na magunia ya ndengu. Gereza la mjini Kitui lilifungwa kwa wageni ghafla. Wiki moja tulikuwa tunaimba na wafungwa kwenye ua, wiki iliyofuata nikarudishwa langoni na askari niliyemfundisha darasa la nne. "Mwalimu, hata wewe hapana," akaniambia, barakoa imemshuka chini ya pua. Nilikasirika sana. Miaka minane nilikuwa nimepita lango lile kila Alhamisi kama mchungaji wa kujitolea, tangu nilipostaafu ualimu, na nilidhani nimekuwa mtu wa humo ndani. Nilirudi nyumbani Matinyani nikiongea peke yangu njia nzima.

Afande anayeshughulikia mambo ya wafungwa ndiye aliyetafuta njia. Nihubiri nikiwa nyumbani, nijirekodi kwa simu, niweke kwenye memori kadi na kuiacha langoni kila Jumatano. Maaskari wataisikiliza kwanza wajue hakuna ujumbe wa magendo, kisha Alhamisi itapigwa kwa spika uani, wote wasikie. Kadi moja kwa wiki, si zaidi. Na mchana huohuo, wafungwa wachache wangeruhusiwa kunipigia kwa simu ya ofisi, kila mmoja dakika tano.

Kwa hiyo nikaingia ghalani. Nje kulikuwa na kuku, punda wa jirani na mashine ya kusaga ya sokoni, lakini ghalani, mlango ukifungwa, ilisikika sauti yangu tu. Mke wangu alinisikia kutoka jikoni. "Utaigombeza hiyo ndengu mpaka iote," akaniambia siku ya kwanza. Sikucheka. Nilikuwa nahubiri kwa hasira kwa sababu sikumwona mtu wa kuitikia amina.

Nilijifunza pia kukata. Kuna programu kwenye simu inayokuonyesha sauti yako ikiwa michirizi, nawe unachagua mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, unabonyeza, kipande kinatoweka. Nilikata jogoo. Nilikata kikohozi, nikakata mahali niliposahau mstari nikasema "eeeh" mara nne. Nilianza kujisikia fundi. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu na nilijivuna kama kijana aliyenunua redio.

Kati ya wale wafungwa kulikuwa na mmoja ambaye nilikuwa nikibishana naye tangu mwaka wangu wa kwanza. Alikuwa mtu wa Makueni, kutoka vijiji vya ndani ukiiacha barabara kuu pale Salama. Alimkata ndugu yake kwa panga wakigombania mpaka wa shamba, ndugu akafa. Hakuwahi kukana, si mahakamani, si kwangu. Siku polisi walipomchukua, mama yao alitoka mbele ya watu wote, akamshika mkono wa kulia, akasema: "Chochote utakachokishika kwa mkono huu kisikushibishe." Halafu akauachilia.

Tangu siku hiyo hakula kwa mkono. Ugali wa gereza wenzake wanaukata na kuufinyanga kwa vidole, yeye anaula kwa kijiko alichokichonga kutoka kwa mpini wa ufagio uliovunjika. Alikiweka mfukoni mwa shati. Wafungwa wapya walimcheka, wakiambiwa sababu wanaacha. Sisi Wakamba tunakwenda kanisani Jumapili zote, lakini kiumo, laana ya mzazi, hatukichezei. Na kila mtu anajua kinavyofunguliwa: aliyelaani anachukua maji mdomoni, anamtemea aliyelaaniwa kifuani au mkononi, huku akisema maneno ya kumwachilia. Asipotema, hajafungua.

Mimi nilikuwa sitaki kusikia hayo. Nilimwambia mara nyingi kwamba Kristo amemaliza laana zote na kwamba mate ya mwanamke mzee hayamwongezei mtu kitu. Nilikuwa na mahubiri kamili juu ya jambo hilo na niliyapenda. Wakati mmoja pale Matinyani nilimkemea mzee mzima mbele ya harusi kwa sababu alitaka kumbariki bibi arusi kwa maji ya mdomoni. Mfungwa yule alinisikiliza kwa adabu kila mara. Kisha alikula kwa kijiko.

Alhamisi moja, kama mwezi wa tatu wa kufungiwa, simu ya ofisi ililia na ilikuwa zamu yake.

"Pasta, mama ako mgonjwa," akasema. "Kuna mtu wa kwetu ameletwa juzi, amenieleza. Tumbo limefura, hata uji haupiti. Hawezi maliza mwaka."

Nikaanza kumwombea. Akanikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Utaomba baadaye, dakika zinaisha. Nataka afungue kabla aende. Akienda nayo, mimi nimebaki hivi. Nisaidie tu na hiyo moja, pasta. Sitakuomba kitu kingine."

Nilimuuliza mama ana simu gani. Akanitajia namba. Simu ya pekee katika boma lile ilikuwa ya mjane wa ndugu yake.

Kwenda mwenyewe sikuweza. Nina sukari, na redio ilitutaja sisi wenye sukari kila siku kana kwamba kaburi limeshachimbwa. Mke wangu alikuwa amezificha funguo za pikipiki. Nikapiga simu. Mjane alipokea, nikajitambulisha, nikataja gereza. Akakata. Siku ya pili nikapiga tena, nikafika mbali kidogo, nikataja jina la shemeji yake. Akakata. Siku ya tatu nilianza na mama.

"Nimeambiwa mama anaumwa," nikasema. "Yuko karibu nawe?"

"Ako nyumbani. Mimi ndio namuogesha." Sauti yake ilikuwa kavu. "Sema yenye unataka kusema, nina kazi."

Nikasema. Nilieleza shemeji yake anaomba nini, na nikaongeza kwamba mimi mwenyewe siamini mambo hayo ila ninapeleka ujumbe tu. Sijui kwa nini niliona ni lazima aijue imani yangu. Nilisikia malori yakipita karibu, nikajua yuko Salama sokoni, ambako mfungwa aliniambia anauza vitunguu kando ya barabara.

"Nitamuuliza mama," akasema mwishowe. "Akikataa, usinipigie tena. Akikubali, nitashika simu kwa sababu ni mama. Si kwa sababu ya huyo."

Siku nne baadaye sauti iliingia kwenye simu yangu kwa WhatsApp. Niliingia nayo ghalani nikafunga mlango, nikaketi juu ya gunia.

Kwanza ilikuwa pumzi, ndefu na yenye kukwaruza. Kisha sauti ya mjane, "Polepole, mwaitu," yaani mama yangu. Kisha mwanamke mzee akaanza kusema kwa Kikamba, akipumzika baada ya kila maneno mawili. "Mwana wakwa, mwanangu. Mimi ni mama yako. Mkono niliufunga mimi. Leo nimeufungua. Ushike chakula, ule, ushibe." Kikombe kiligonga meno. Akameza kidogo, akakohoa, nikasikia maji yakizungushwa mdomoni. Halafu akatema. Akatema mara ya pili, mara ya tatu, na mara ya tatu haikuwa na nguvu, ilikuwa ni mdomo tu unaoachia. Alikuwa ameitemea simu yenyewe, kwa sababu mle ndimo mwanawe alimokuwa. Sauti ikaishia hapo.

Machozi yalinitoka. Nalisema hilo ili ijulikane kwamba nilielewa nilichokisikia.

Kisha nikaanza kufikiri, na hapo ndipo nilipoharibu. Kadi ilikuwa moja kwa wiki, na ingepigwa kwa spika uani, mbele ya wafungwa wote. Maaskari wangeisikiliza kabla, na mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa letu. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu mahubiri yangu dhidi ya mate yapigwe kwa spika hiyohiyo. Nilimwona akilini yule mzee wa kanisa akinitazama Jumapili. Niliwaona wafungwa wakicheka, pasta ameleta mganga. Nikajiambia kwamba maneno ya mama yametosha, msamaha uko katika neno, na mate ni desturi tu. Nilijiambia hayo kwa sauti, na magunia hayakunibishia.

Nikafungua ile programu. Michirizi ya kutema ilikuwa mitatu, mirefu, imesimama mbali na mingine, rahisi kuiona. Nikaweka alama kabla ya kikombe kugonga meno. Nikabonyeza. Sauti sasa iliishia kwenye "ushibe", safi kabisa, nami nikaridhika na kazi yangu. Nikaiunganisha na mahubiri ya wiki hiyo juu ya mwana mpotevu. Usiku simu ikaniambia nafasi imejaa, nikafuta sauti nisizozihitaji. Mahubiri yangu niliyaacha. Ile ya mama niliifuta, kwa sababu niliona ninayo nakala nzuri zaidi.

Alhamisi ilipofika nilikaa na simu mkononi kuanzia asubuhi nikingoja shukrani. Haikulia. Alhamisi iliyofuata ikalia.

"Pasta," akasema, "nimesikia mama."

"Bwana asifiwe."

"Alikataa."

Nikamuuliza amekataa vipi, na maneno ameyasikia kwa masikio yake.

"Maneno nilisikia. Lakini hakutema." Aliongea taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni. "Mtu wa kwetu akisema hivyo na asiteme, ni kukufukuza vizuri. Ni vile unaambia mgeni karibu na umesimama kwa mlango. Labda huyo bibi ya ndugu yangu alimlazimisha. Labda ni wewe ulimlazimisha, pasta, kwa uzuri. Sawa tu. Mwambie asante."

Hapo ndipo ningesema. Dakika nne zilikuwa zimebaki. Ofisini alikuwepo afande, na kwangu mke wangu alikuwa mlangoni akipepeta, na ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa neno tangu nimezaliwa, ulikataa. Nilimwambia tutaongea wiki ijayo.

Wiki nzima nilijua la kufanya. Mjane alikuwa na sauti yote kwenye simu yake. Ningemwomba aitume tena. Lakini ningelazimika kumweleza ya kwanza imekwenda wapi. Niliahirisha Jumatatu, nikaahirisha Jumanne. Jumatano nilipompigia simu ilikuwa imezimwa, ikaendelea kuzimwa siku sita. Alipoiwasha, mama alikuwa ameshazikwa, asubuhi mapema, na watu wachache waliosimama mbalimbali kama sheria ilivyotaka.

Nilimpa pole. Kisha nikamwomba ile sauti.

"Nilifuta," akasema. "Jana. Hiyo simu ina picha za mume wangu. Sikutaka vikae pamoja."

Alhamisi ile, zamu yake ilipofika tena, nilimwambia mfungwa kila kitu. Sikusubiri aniulize. Nilisema mama alitema, mara tatu, nami nilikata kwa mkono wangu kwa sababu ya aibu, na kwamba nimefuta, na kwamba mama amefariki. Nilisema yote kwa pumzi moja. Upande wa pili nilisikia afande akikohoa.

"Asante, pasta," akasema. "Wewe ni mtu mzuri."

"Sikiliza. Si uzuri. Alitema."

"Miaka minane umeniambia mate ni bure. Leo unasema alitema, ndio moyo wangu upoe. Najua. Mungu akubariki." Na akamrudishia afande simu kabla ya dakika zake kwisha.

Sijawahi kukasirika hivyo, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilikuwa nimesema ukweli na ukaonekana huruma. Kila Alhamisi baada ya hapo alinipigia, akanisalimu kwa heshima, akaniuliza hali ya sukari yangu. Mama yake hakumtaja tena.

Gereza lilipofunguliwa kwa wageni, baada ya muda mrefu, tuliwekewa waya na nafasi ya hatua mbili katikati. Alitoka akiwa amekonda, shati linamning'inia. Kijiko kilikuwa mfukoni, mpini wake umekuwa mweusi. Afande aliniambia kando kwamba siku hizi anakula vijiko vitatu na kumpa jirani kilichobaki. "Hana ugonjwa," akasema. "Anasema hashibi hata akimaliza, sasa ya nini."

Wiki hiyo mke wangu alinipa funguo za pikipiki mwenyewe, bila kuulizwa.

Nilimkuta mjane Salama, ameketi kwenye kreti ya soda nyuma ya mafungu ya vitunguu, leso kiunoni. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Nilipojitambulisha hakuinuka. Aliendelea kumenya vitunguu vilivyooza nje, akatupa maganda nyuma, na mimi nikasimama juani nikieleza. Nilipofika kwenye kukata, mikono yake ikasimama.

"Ulikata nini?"

"Kutema."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Lori lilipita, akangoja lipite. Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mama aliniuliza mara mbili kabla aende. Imefika? Nikamwambia imefika, mwaitu, pasta amepeleka. Ndio akalala." Akaweka kitunguu chini. "Umenifanya nikadanganya mtu anakufa."

Nilimwomba aje gerezani aseme alichokiona, kwa sababu yeye ndiye shahidi wa pekee aliyebaki na neno langu halikuwa na uzito tena. Alikataa. Alisema huyo mtu alimwachia yeye watoto watatu wasio na baba, na kwamba alishika simu mara moja na hiyo ilikuwa ya mama. Mteja akaja akauliza bei ya fungu. Akamhudumia, akanipa mgongo, nikaelewa nimeambiwa niende.

Wiki tano zilipita. Alhamisi ya sita nilifika langoni nikamkuta mjane kwenye foleni ya wageni. Alikuwa amevaa vizuri, viatu vya kanisani, na hakunisalimu. Tuliingia pamoja bila kuongea.

Mfungwa alipotokea upande wa pili wa waya na kumwona, alishika chuma. Nadhani alifikiri amekuja kumlaani naye. Mjane hakukaa kwenye benchi.

"Sikuja kukusamehe," akasema. "Hiyo usingoje. Nimekuja kusema yenye niliona. Mama alitema. Mara tatu, na maji ya kikombe cha bluu, kile cha baba. Alitema kwa simu yangu mpaka ikalowa, nikaipanguza mwenyewe na hii leso. Alikuwa amekufungua."

Akageuka, akaenda zake. Hakuwa amemaliza hata dakika moja.

Yule mtu alilia. Alilia kwa mdomo wazi, mkono wake wa kulia ameuinua mbele ya uso anautazama, na afande akageuka upande mwingine. Nami nililia nikimshukuru Mungu. Nilikuwa bado nashukuru aliponyamaza na kunitazama, nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa ameanza kuhesabu. Kama mama alitema, basi nilichomwambia kwenye simu kilikuwa kweli chote.

"Kumbe uliikata," akasema.

Nilisema ndiyo.

"Mwaka wote huu."

Nilisema ndiyo. Alinitazama kidogo zaidi, bila hasira niliyoweza kuiona, kisha akamwambia afande kwamba amemaliza na wageni.

Hajaja tena kwenye ibada yangu. Nikihubiri uani sasa, yeye huwa upande wa pili, penye jiko, na nimeambiwa anamsikiliza mchungaji wa kanisa lingine anayekuja Jumanne. Afande anasema amenenepa. Anakula kwa mkono, anaufinyanga ugali vizuri na kulamba vidole, na wenzake walimpigia makofi siku ya kwanza. Mimi sijaona.

Alhamisi moja nikitoka, askari niliyemfundisha darasa la nne aliniita dirishani, akanipa kitu kilichofungwa kwa kipande cha gazeti. Alisema kimeachwa na yule wa Makueni na kwamba hakuna ujumbe, ila amesema apewe pasta. Nilikifungulia nyumbani, ghalani, juu ya magunia. Kilikuwa kijiko.